Shairi Lisilo na Mwenyewe

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeishi miaka sabini na kitu, thelathini na saba kati ya hiyo nikishika chaki, na ya mwisho kumi na minne nikiwa mwalimu mkuu. Nilidhani nimekwisha kuona kila namna ya udanganyifu ambao mtu anaweza kuufanya kwa kalamu. Nimeona mtoto aliyenakili insha ya jirani yake pamoja na jina la jirani. Nimeona barua ya baba kuomba ruhusa ya mgonjwa, imeandikwa kwa mwandiko wa mgonjwa. Lakini jambo nililolikuta msibani hapa Ushirombo mwaka jana sikuwa nimelikuta popote, nalo ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Tulikuwa tunamzika mwalimu mwenzangu. Tulianza kazi pamoja mwaka 1973, tukiwa tumetoka chuo cha ualimu na vyeti vya Daraja A na sanduku moja moja la bati. Baada ya wasifu wa marehemu kusomwa, alisimama kijana mmoja wa ukoo, akatoa simu mfukoni na kusoma shairi. Lilikuwa la beti sita, mistari minne minne, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, na mizani kumi na sita katika kila mstari. Nilihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Halikuchechemea hata mahali pamoja. Lilimwita marehemu taa, likamwita nguzo, likamwita chemchemi. Watu walilia. Nami nililia, wala sioni haya kusema.

Katika ubeti wa nne shairi likasema kwamba mwalimu huyu, katika maisha yake yote, hakupata kuinua sauti wala fimbo juu ya mtoto wa mtu. Hapo vikohozi vikaanza kwenye viti vya nyuma. Nusu ya wanaume waliokaa pale walipita mikononi mwake, na fimbo yake ya mpera waliijua kuliko walivyolijua jedwali la kuzidisha. Mjane akainamisha kichwa.

Baadaye, tulipokuwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula, kijana alinipa shikamoo. Nikaitika, nikamuuliza, "Mjukuu wangu, yale ya fimbo umeyatoa wapi?" Akanijibu kwa adabu zote, "Si mimi, babu. Niliiambia simu iniandikie, ikaandika yenyewe."

Ndugu msomaji, jibu lile limenikosesha usingizi kuliko msiba wenyewe. Uongo ulisemwa mbele ya jeneza, mbele ya mjane, na hapakuwa na mtu aliyeusema.

Tangu siku ile nimesikiliza ubishi wa watu wa makundi mawili juu ya mashine hizi zinazotumia kitu kinachoitwa akili mnemba. Kundi la kwanza ni la wazee wenzangu. Wao husema mashine ni kasuku: inarudia tu ilichokisikia, kwa hiyo haiwezi kubuni, na habari imekwisha. Kundi la pili ni la vijana. Wao husema kitu kikimtoa mtu machozi ni sanaa, awe amekitunga nani au nini. Hunikumbusha kwamba mwaka 2022, katika maonyesho ya jimbo la Colorado huko Marekani, mtu aitwaye Jason Allen alipata tuzo ya kwanza katika fungu la sanaa za kidijitali kwa picha aliyoitengeneza kwa programu ya Midjourney. "Kama waamuzi waliipa tuzo, mzee, wewe unatafuta nini tena?"

Mimi nayakataa makundi yote mawili, na nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine.

Nianze na hoja ya kasuku. Wenye hoja hii husema mashine imelishwa maandishi ya watu, kurasa nyingi mno, ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na inapoombwa shairi hupanga neno baada ya neno kwa kufuata mazoea hayo. Kwa ufupi maelezo hayo ni sahihi. Lakini wakifika hapo wanahitimisha kwamba kwa kuwa inaiga, basi haibuni. Je, ni nani aliyepata kubuni bila kuiga? Mtoto hajifunzi herufi kwa kuzibuni. Huzifuatisha ubaoni mpaka mkono wake uzizoee, na miaka mingi baadaye ndipo mwandiko wake unakuwa wake.

Tazama picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kupakia baiskeli na vipande vya mbao laini za dari. Aliziuza Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu, lakini aliacha ndugu na wanafunzi aliokuwa amewafundisha. Hao wakaendelea kuchora wanyama na ndege kwa namna yake, wakawafundisha wengine, na leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima. Ni kweli kwamba wako waliochora twiga yule yule mpaka wakaweza kumchora wamefumba macho. Lakini wako pia walioanza kwa kunakili wakafika mahali ambapo mwalimu wao hakufika. Au mtazame George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Yeye aliurithi uchongaji wa Kimakonde, akawachukua mashetani wa vinyago akawahamishia kwenye rangi, wakaanza kucheka na kurukaruka kwa namna ambayo ukiiona mara moja huisahau. Uigaji haukumzuia kubuni, ndio uliomfikisha. Basi tusiihukumu mashine kwa kosa ambalo ndilo shule yetu sisi wote.

Hoja ya pili inanichoma mimi mwenyewe. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na sisi walimu wa Kiswahili tulikishika kama msahafu. Ilipofika mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, akatoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ugomvi uliozuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko uliendelea kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa upande wa sheria. Nilisema mbele ya walimu wenzangu, tena kwa sauti, kwamba shairi lisilo na vina ni nathari iliyokatwa vipande. Kezilahabi alifariki Januari 2020 nikiwa bado na msimamo huo.

Leo simu ya kijana mmoja inatii sheria zote bila kukosea. Kama vina na mizani ndivyo vinavyolifanya shairi kuwa shairi, basi simu ile ni malenga kuliko mimi, na miaka yangu yote ya kuhesabu kwa vidole imekwenda bure. Sina budi kukiri, nikiwa nimechelewa kwa nusu karne, kwamba sheria ni mtungi. Mtungi mzuri ni jambo jema, na Sheikh Amri Abedi hakukosea kutufundisha kuufinyanga. Tuliokosea ni sisi tuliousifu mtungi bila kuuliza kama una maji.

Maungamo yangu hayaishii hapo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi waliombwa kulieneza, na Mathias Mnyampala akaipa ngonjera nguvu mashuleni. Ilikuwa kazi nzuri alipoifanya yeye. Sisi tulifanyaje? Mimi nilitunga ngonjera moja ya kumkaribisha mgeni rasmi, nikaitumia kwa wakuu wa wilaya watatu waliofuatana, nikibadilisha jina tu. Wote watatu nilisema ni shupavu, ni mchapakazi, ni tegemeo la wanyonge. Wa tatu alihamishwa kwa aibu kabla hata ya kuzindua darasa. Na insha je? Nani kati yetu hakuwafundisha watoto kuanza na jua lililochomoza na ndege waliolia kwenye miti? Mtoto aliyekariri mwanzo huo nilimpa kumi na nane kwa ishirini. Aliyeandika jinsi ng'ombe wa baba yake alivyokufa, kwa maneno yake na makosa yake, nilimpa kumi na moja na wino mwekundu. Mashine hazikutukuta tukiwa safi. Zilikuta njia tumekwisha kuifyeka.

Hivyo basi, kosa la mashine si kuiga, na sifa yake ya kupatia sheria si kubuni. Ubunifu hasa ni nini? Jibu langu nimelipata kule kule msibani.

Shairi lilipokwisha, mama mmoja mzee, aliyekuwa mwanafunzi wetu wa miaka ile ya kwanza, alianza kuimba kwa Kisumbwa. Sauti ya wimbo ilikuwa ya zamani na maneno ya mwanzo yalikuwa ya kurithi, sote tuliyajua. Lakini katikati alimwingiza marehemu mwenyewe. Aliitaja ile fimbo ya mpera, watu wakacheka katika machozi. Kisha akautaja usiku mmoja wa masika ambapo marehemu alimpakia mtoto wake mgonjwa kwenye baiskeli akamsukuma katika matope mpaka zahanati ya misheni. Mjane akainua kichwa. Na kama mama yule angesema uongo, tulikuwepo watu sabini wa kumwambia, "Mama, hapo siyo." Alilijua hilo, na akaimba hivyo hivyo.

Hapo ndipo ninapoona mpaka. Ubunifu hauanzi kwenye upya wa kitu. Unaanza pale mtu anapokuwa tayari kuulizwa: kwa nini umesema hivi, na wewe umeyajuaje? Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, Amina, alitunga shairi la kumlilia akalipa jina lake. Kumlilia mke si jambo jipya duniani, wala vina vya shairi lile havikuwa vipya. Lakini aliyelitamka ni yule aliyekaa na Amina nyumba moja, mbele ya watu waliowajua wote wawili. Neno lake lilikuwa na mwenyewe.

Jirani zetu Wasukuma wamelijua hili tangu enzi za Ngika na Gumha, waliogombea umaarufu mpaka ngoma zikagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno makundi mawili husimama kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji upande wake. Manju hawezi kusema wimbo ulijitunga wenyewe. Akikejeli, upande wa pili humjibu papo hapo. Akiboronga, watu humwacha anapiga ngoma peke yake. Huweka jina lake uwanjani kama mtu anavyoweka ng'ombe rehani. Mashine haina cha kuweka rehani. Haimjui marehemu, haitakutana na mjane sokoni, na ikikosea haioni haya.

Vijana hunijibu kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Nakubali. Lakini machozi yale yalikuwa ya nani? Yalikuwa yetu, tulikuja nayo kutoka nyumbani. Shairi liligonga mlango uliokuwa wazi tayari. Mtu akipiga filimbi msibani watu watalia pia, na hatusemi filimbi imefiwa.

Wapo wanaonijibu kwa hoja ya kamera. Husema hata picha ya kamera ilidharauliwa ilipokuja, na leo mpiga picha ni msanii. Hoja hii ni nzuri na ninaiheshimu. Lakini mpiga picha alikuwepo. Alisimama mahali fulani, saa fulani, akachagua kuelekeza jicho huku na si kule, na ukimuuliza atakwambia kwa nini. Mwenye kuitumia mashine kwa namna hiyo, akachagua, akakataa, akarekebisha, akasema "haya ni yangu na mniulize mimi", huyo simkatazi. Kijana wetu hakufanya hivyo. Angelisoma ubeti wa nne mara moja tu akiwa na akili yake, angeufuta. Mahakama nazo zimeligusa jambo hili. Stephen Thaler wa Marekani aliomba hakimiliki ya picha ambayo alisema mashine yake ndiyo mtunzi wake. Mwaka 2023 mahakama ya Washington ilimkatalia, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo kwamba mtunzi katika sheria yao lazima awe binadamu.

Sasa niseme na watu wa ukanda huu wa dhahabu kwa lugha ya kazi yetu. Mchimbaji mdogo hushuka duarani, hupandisha mawe, mawe husagwa kwenye karasha, na unga huoshwa mwaloni na kukamatwa kwa zebaki. Lakini zebaki haikamati dhahabu yote. Mchanga unaobaki tunauita marudio, na mwenye mtaji huyanunua kwa malori, huyatia kwenye matangi, huyachenjua kwa sianidi, akavuna dhahabu ambayo mchimbaji hakuiona. Dhahabu ile si ya bandia. Sonara hawezi kuikataa.

Mashine hizi ni matangi ya marudio. Zimekusanya mchanga wa kila aliyewahi kuandika, na zinatoa dhahabu ambayo wakati mwingine ni dhahabu kweli. Ndiyo maana silaumu machozi ya siku ile. Lakini mwenye tangi hakushuka shimoni, na mara nyingi hata kuwauliza walioshuka hakuwauliza. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, mojawapo ya watengenezaji wa mashine hizi, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilichukuliwa kutoka kwenye hifadhi za wizi.

Jambo kubwa zaidi ni hili: marudio ya marudio hayana kitu. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mashine ikilishwa maandishi ya mashine, kizazi baada ya kizazi, huharibika mpaka hutoa upuuzi. Mchimbaji yeyote wa Katoro angeweza kuwaambia hivyo bila maabara. Watu wakiacha kushuka duarani, matangi yatakauka. Na sisi kifusi chetu ni kidogo. Kiswahili kina kifusi kidogo kikilinganishwa na Kiingereza, na Kisumbwa cha mama yule karibu hakina kabisa. Wimbo aliouimba siku ile haukuandikwa popote. Vijana wetu wakizoea kuchota kwenye tangi la wengine, watakuja kuomboleza baba zao kwa huzuni ya watu wasiowajua, na siku moja hawatajua kwamba kulikuwa na nyingine.

Nipendekeze nini? Sisemi simu zivunjwe. Mimi mwenyewe natumia yangu kusomea magazeti kwa herufi kubwa. Nasema mambo matatu.

La kwanza ni kwa walimu walioko kazini. Msihangaike kuwinda insha iliyoandikwa na mashine kama tulivyowinda walionakili. Mwiteni mtoto mbele, mmuulize juu ya alichokiandika. Aliyeandika mwenyewe atasimama, hata akigugumia. Na acheni kutoa kumi na nane kwa jua lililochomoza. Mpeni mtoto wa ng'ombe aliyekufa alama nilizomnyima mimi.

La pili ni kwa vijana. Ukisoma neno mbele ya watu, neno hilo ni lako, uwe umeliokota wapi. Usiseme limejiandika. Kama huwezi kulijibia, likalie kimya. Msibani kimya si aibu.

La tatu ni kwetu wazee. Tuache kujificha nyuma ya neno kasuku. Tulikuwa kasuku kabla ya kasuku huyu kuja, na tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na uwezo wa kuona haya na hatukuutumia.

Baada ya arobaini nilikwenda kumsalimu mjane, nikampelekea shairi nililomtungia marehemu kwa mkono wangu. Lina beti tatu. Fimbo imo, na baiskeli imo, na sanduku la bati limo. Katika ubeti wa pili kuna mstari wenye mizani kumi na saba. Nilijaribu usiku mzima kuipunguza, lakini kila nilipoipunguza jambo lilikuwa si kweli tena, nikaiacha. Mama wa watu alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha: mwaka wa lile tope ulikuwa 1979, siyo 1978 kama nilivyosema. Nikachukua kalamu nikaandika upya palepale, mbele yake.